Mwongozo wetu bado unasema compress ina hataza: nifute au niache?

Swali la msomaji: "Mtaalamu, salaam. Nimekabidhiwa nyaraka za programu ndogo ya chanzo huria inayokusanya faili kwenye kifurushi kimoja na kuzibana. Mwongozo wake uliandikwa miaka ya 1990, na una maneno haya: 'Usitumie compress, kwani algoriti yake inalindwa na hataza. Tumia gzip, ambayo haina hataza.' Mwenzangu mmoja anataka tufute yote. Mwingine anasema mambo ya sheria tusiyaguse. Mimi naongeza sehemu ya xz na zstd, zana mpya zaidi za kubana faili, na nimeshaandika 'nazo hazina hataza'. Je, maneno yale bado ni kweli? Niandike nini? Na kueleza jinsi algoriti inavyofanya kazi kunaweza kuniletea kesi?"

Ndugu yangu, salaam zimefika. Maneno yale yalikuwa kweli yalipoandikwa, ila nusu ya kwanza leo si kweli tena. Hataza (patent) mbili zilizoizuia compress, programu ya zamani ya kubana faili kwenye mfumo wa Unix, zimekwisha muda wake, ya mwisho mwaka 2006. Nusu ya pili, ile ya "gzip haina hataza", ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, maana inaonekana haina neno, na tayari umeanza kuihamishia kwa xz na zstd. Kwa hiyo usifute na usiache kama ilivyo. Iandike upya. Nitakuonyesha jinsi ya kuiandika, lakini kwanza tuelewane ni kitu gani kilikatazwa, kwa sababu mwandishi wa nyaraka asiyejua hilo hubaki kunakili tahadhari za watu wengine.

Wengi huteleza kwa kuchanganya hataza na hakimiliki. Hakimiliki hulinda maandishi, yaani mistari ya msimbo kama mtu alivyoiandika. Hataza hulinda njia ya kufanya jambo. Ukikesha wiki nzima ukaandika msimbo wako mwenyewe bila kutazama wa mtu yeyote, hakimiliki ya mwingine haikugusi, lakini hataza inaweza kukugusa, kwa kuwa inauliza umefanya nini, haiulizi umenakili wapi. Ndiyo maana watu wa mradi wa programu huria wa GNU hawakuweza kuichukua compress, kuiandika upya kwa mkono wao na kuigawa. Walihitaji njia nyingine kabisa.

Tuitazame kwa karibu ile njia iliyokatazwa. Chukua herufi hizi 12: patapatapata. compress hutumia algoriti, yaani utaratibu wa hatua kwa hatua, iitwayo LZW, ambayo husoma herufi moja moja huku ikijitungia kamusi. Mwanzoni kamusi ina herufi peke yake. LZW inasoma p, kisha a. "pa" haimo kwenye kamusi, basi inatoa namba ya p na kuandika "pa" kwenye kamusi. Inatoa a na kuandika "at". Inatoa t na kuandika "ta". Inatoa a na kuandika "ap". Sasa inakutana na "pa" kwa mara nyingine, na safari hii imo. Inasogea mbele kuona kama "pat" imo, inakuta haimo, basi inatoa namba moja tu ya "pa" na kuongeza "pat". Kisha inatoa namba ya "ta", halafu ya "pat", na mwisho a iliyobaki. Herufi 12 zimekuwa namba 8, na faili ikiwa ndefu kamusi hunenepa na kila namba hubeba herufi nyingi zaidi. Kilichonivutia nilipoielewa mara ya kwanza ni kwamba kamusi hiyo haisafiri pamoja na faili. Anayefungua huitunga upya mwenyewe, hatua kwa hatua, kwa kufuata namba zilezile.

gzip hutumia DEFLATE, ambayo haihesabu hivyo hata kidogo. Kwenye herufi zilezile itaandika p, a, t, a, halafu itasema: rudi nyuma herufi 4, nakili herufi 8. Imemaliza. Baada ya hapo herufi na maelekezo hayo hupewa alama fupi au ndefu kwa njia ya Huffman ya mwaka 1952, ili kinachojirudia sana kipate biti chache. Njia zote mbili zina mizizi kwa Abraham Lempel na Jacob Ziv: ile ya kurudi nyuma na kunakili inatokana na makala yao ya mwaka 1977, ile ya kamusi na makala ya 1978. Ni watafiti walewale, na tofauti ni mwaka mmoja tu, lakini hataza iliyokaa kwenye tawi la pili haikulifunika tawi la kwanza. Kwa hiyo mwongozo ukisema "hataza ya Lempel-Ziv" bila kusema ipi, umekosea hata kama tarehe zote ni sahihi. Nimeiona kasoro hiyo kwenye miongozo mingi, na kwako pia iangalie.

Historia yenyewe inakwenda hivi. Terry Welch aliiboresha njia ya 1978, na ombi la hataza ya kazi hiyo liliwasilishwa Marekani tarehe 20 Juni 1983, mwenye haki akiwa kampuni ya Sperry. Mwaka mmoja baadaye, Juni 1984, Welch aliieleza njia hiyo kwenye jarida la Computer la IEEE, chama cha wahandisi. Watu wa Unix waliisoma, wakaichukulia kuwa elimu iliyo wazi kwa kila mtu, na mwaka huohuo compress ikaandikwa na kusambazwa. Hataza ikatolewa tarehe 10 Desemba 1985. Mwaka 1986 Sperry na Burroughs ziliungana zikawa Unisys, na ndiyo maana miongozo ya zamani inaitaja Unisys na si Sperry. IBM nayo ilipewa hataza mwaka 1989 kwa kazi ya Miller na Wegman iliyogusa njia hiyohiyo.

Hapo tulia kidogo, kwa sababu kosa la wasomaji wa 1984 bado linafanyika. Kitu kuchapishwa hadharani hakumaanishi kimeruhusiwa. Kwa kweli mfumo wa hataza umejengwa juu ya kuchapisha: mvumbuzi anaifunua njia yake kwa umma, na dola inampa haki ya kuwazuia wengine kwa muda maalumu. Makala nzuri yenye maelezo kamili ya algoriti haikuambii lolote kuhusu ruhusa.

Moto uliwaka mwishoni mwa 1994. Kampuni ya CompuServe ilikuwa imeitoa fomati ya picha ya GIF mwaka 1987 ikitumia LZW ndani yake, na GIF ilikuwa imeenea kila mahali ilipotangazwa Desemba 1994 kwamba programu zinazotumia GIF zinahitaji leseni. Ndani ya wiki chache kazi ya kutengeneza PNG ikaanza, nayo PNG hubana kwa DEFLATE ileile ya gzip. Maktaba ya picha ya GD iliondoa uwezo wa kutengeneza GIF mwaka 1999 na kuurudisha mwaka 2004. Kwa miaka mitano mtu aliyesoma mwongozo wa GD aliukuta umenyooka kabisa kuhusu PNG, na kuhusu GIF una pengo ambalo maelezo yake hayakuwa ya kiufundi hata kidogo.

gzip ilikuwa imetangulia. Jean-loup Gailly na Mark Adler walitoa toleo la kwanza mwaka 1992, Gailly akiandika upande wa kubana na Adler upande wa kufungua. Fungua msimbo chanzo wa gzip utafute faili iitwayo lzw.c. Jina linaahidi kubana kwa LZW. Ukiingia ndani unakuta maelezo kwamba hili ni toleo bandia la kukwepa matatizo ya hataza, na kazi inayobaki ni kumwambia mtumiaji kuwa kutengeneza faili za .Z, yaani zile za compress, hakuwezekani. Upande wa pili kuna unlzw.c, ambayo inazifungua faili za .Z bila tatizo. Mstari ambao watungaji walijichorea umeandikwa kwenye majina ya faili zenyewe: tutafungua, hatutatengeneza. Hakuna maelezo marefu ya kisheria yanayoweza kumfundisha msomaji kama faili hizo mbili zinavyomfundisha, na kwa sababu hiyo simuungi mkono mwenzako anayetaka kufuta yote. Ukiifuta historia, anayekuja baada yako atakuta gzip inayofungua kitu isichoweza kukitengeneza, na hatajua ni kasoro au ni makusudi.

Sasa tarehe, kwa kuwa ndizo zitakazosimama kwenye ukurasa wako. Watu husema hataza hudumu miaka 20, na kwa ombi jipya hilo ni sawa: miaka 20 tangu ombi kuwasilishwa. Lakini kwa maombi ya Marekani ya kabla ya tarehe 8 Juni 1995 hesabu ilikuwa miaka 17 tangu kutolewa au 20 tangu kuombwa, ule ulio mrefu zaidi. Ifanye hesabu hiyo kwa LZW. Imetolewa tarehe 10 Desemba 1985, ongeza 17, unapata tarehe 10 Desemba 2002. Imeombwa tarehe 20 Juni 1983, ongeza 20, unapata tarehe 20 Juni 2003. Ya pili ndiyo ndefu, na kweli ndiyo siku iliyokufa Marekani. Hiyo ni Marekani peke yake. Kule Ulaya ilikoandikishwa iliishi hadi tarehe 18 Juni 2004, Japani hadi tarehe 20 Juni 2004, Kanada hadi tarehe 7 Julai 2004. Ile ya IBM ya Marekani ilikwisha 2006. Mtu aliyeandika Julai 2003 kwamba "hataza ya LZW imekwisha" alisema kweli kwa msomaji mmoja na uongo kwa mwingine.

Hataza ni ya nchi kwa nchi, na hili mwongozo hausemi kamwe, ilhali msomaji wake yuko popote duniani. Wengine hujitetea kwa kusema Ulaya hakuna hataza za programu. Ni kweli kwamba ibara ya 52 ya Mkataba wa Hataza wa Ulaya wa 1973 inaziondoa programu za kompyuta "kama zilivyo", na ni kweli kwamba Bunge la Ulaya lilikataa tarehe 6 Julai 2005, kwa kura 648 dhidi ya 14, mswada wa maelekezo kuhusu hataza za aina hiyo. Lakini tarehe ya Juni 2004 niliyoitaja hapo juu ilikuwa ya Ulaya. Kubana data kulivaa vazi la uvumbuzi wa kiufundi na kukapita mlangoni. Marekani nako, tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2014 katika kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank, wazo tupu lililopandishwa tu kwenye kompyuta halipati hataza, na nyingi zimeangushwa kwa hoja hiyo. Zimepungua nguvu, hazijaondoka.

Turudi kwenye maneno yako uliyoyaandika mwenyewe: "nazo hazina hataza". Yaondoe leo. Sisemi hivyo kwa sababu ninajua hataza inayozikamata xz au zstd. Nasema hivyo kwa sababu hayo ni maneno ambayo wewe huwezi kuyathibitisha, na mimi pia siwezi. Kuthibitisha kwamba kitu hakipo popote, katika kila nchi, miongoni mwa maombi ambayo mengine hata hayajachapishwa, ni kazi ambayo kampuni kubwa zenye mawakili wa kutosha huifanya kwa shida na bado huongeza maneno "kadiri tujuavyo". Waandishi makini wa zana hizi walilijua hilo. Julian Seward alipotoa zana yake ya bzip mwaka 1996 alitumia usimbaji wa kihesabu (arithmetic coding), njia nyingine ya kugawa alama fupi na ndefu, eneo lililokuwa limejaa hataza wakati huo. Kwenye bzip2 aliuacha akarudi kwa Huffman, akakubali matokeo mabaya kidogo ili watu waitumie kwa amani. Na bado, kwenye mwongozo wa bzip2 hakuandika kwamba haina hataza. Aliandika kwamba kwa kadiri anavyojua haitumii algoriti yoyote yenye hataza, kwamba hana uwezo wa kufanya upekuzi wa hataza, na kwamba kwa hiyo hawezi kutoa dhamana. Ni sentensi tatu fupi, na nazihesabu miongoni mwa maandishi bora kabisa ya nyaraka za chanzo huria. Msomaji anajua nani amesema, amejua kiasi gani, na aishie wapi katika kumwamini.

Mfano mwingine wa kuigwa ni waraka wa kiufundi wa intaneti uitwao RFC 1951, wa Mei 1996, unaoeleza DEFLATE. Hausemi kwamba DEFLATE iko nje ya hataza. Unasema fomati hiyo inaweza kutekelezwa kwa namna isiyofunikwa na hataza. Sikiliza tofauti hiyo. Phil Katz, aliyeibuni DEFLATE kwa ajili ya programu yake ya kubana ya PKZIP, mwenyewe alikuwa na hataza juu ya namna fulani ya kutafuta herufi zinazojirudia. Faili ya mwisho ni ileile. Namna unavyotafuta mahali pa kunakili ndiyo inayoweza kukuingiza matatani. Kwa hiyo "fomati" na "utekelezaji" ni maneno mawili ambayo hayapaswi kubadilishana nafasi kwenye ukurasa wako.

Kama bado unaona ninakuza jambo, angalia kilichotokea kwa familia ya algoriti iitwayo ANS, ambayo zstd imejengwa juu ya tawi lake moja. Mtafiti Jarek Duda wa Kraków, Poland, aliichapisha na kuiacha huru kwa makusudi. Baadaye Google iliomba hataza iliyogusa matumizi ya ANS katika kubana video, na Duda akapinga hadharani. Kisha Januari 2022 Microsoft ikapewa hataza Marekani kuhusu vipengele vya tawi jingine la ANS. Sidai kwamba hataza hiyo inaikamata zstd. Madai ya hataza husomwa neno kwa neno na watu wenye taaluma hiyo. Ninachosema ni kwamba aliyeandika mwaka 2016 kuwa "ANS haina hataza" alikuwa ameandika utabiri, na utabiri huo haukudumu.

Kuna jambo la leseni, na hapa nitapita haraka. Leseni za MIT na BSD hazitamki neno hataza. Apache 2.0 ya mwaka 2004 na GPL toleo la 3 la mwaka 2007 zinatoa ruhusa ya hataza kwa maneno, lakini ruhusa hiyo inatoka kwa waliochangia msimbo peke yao. Mtu wa nje mwenye hataza yake hafungwi na leseni ya mradi wako. LZMA, ambayo ndiyo moyo wa xz, ilitokana na Igor Pavlov na msimbo wake wa SDK (kifurushi cha watengeneza programu) aliuweka kuwa mali ya umma. Hilo nalo linazungumzia hakimiliki. zstd ilipotolewa na Facebook mwaka 2016 ilikuwa na leseni ya BSD pamoja na faili ya pembeni iitwayo PATENTS, yenye ruhusa ambayo ungeipoteza ukiishtaki Facebook kwa masuala ya hataza. Mpangilio huo ulizua manung'uniko. Wakfu wa Apache uliikataa leseni ya namna hiyo kwenye miradi yake Julai 2017, na Agosti mwaka huohuo zstd 1.3.1 ikatoka bila faili hiyo, mtumiaji akichagua BSD au GPL toleo la 2. Ukikuta maelezo ya zstd yanayoonya juu ya PATENTS, yana umri. Na ukikuta mahali mwongozo unasema fomati ya RAR "ina hataza", uliza chanzo, kwa maana kinachojulikana ni kwamba leseni ya msimbo wa unrar, programu ya kufungua faili hizo, inakataza kuutumia ili kuiunda upya algoriti ya kubana ya RAR. Hilo ni sharti la leseni. Andika "leseni yake inakataza", usiandike hataza.

Sasa maandishi yenyewe. Mimi ningeigawa ile sentensi yako mahali pawili. Kwenye sehemu ya ushauri, pale mtumiaji anapochagua chombo, ondoa hataza kabisa na uweke sababu za kiufundi za leo: "Kwa faili mpya tumia gzip pale faili itakapofunguliwa kwenye mifumo mingi na ya zamani, xz pale ukubwa mdogo ni muhimu kuliko muda wa kubana, na zstd pale kasi ya kubana na kufungua ni muhimu. compress inasomwa kwa ajili ya faili za zamani tu, kwa kuwa hubana vibaya kuliko hizi zote." Hiyo sababu ya mwisho ingetosha hata kama hataza isingekuwepo kamwe.

Kwenye sehemu ya historia, mbali na ushauri, weka: "Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, compress haikutumika katika miradi mingi ya chanzo huria kwa sababu algoriti ya LZW ilifunikwa na hataza za Unisys na IBM. Hataza ya Unisys ilikwisha Marekani tarehe 20 Juni 2003 na katika Ulaya, Japani na Kanada katikati ya 2004. Ya IBM ilikwisha Marekani mwaka 2006. Ndiyo asili ya programu hii kusoma faili za .Z bila kuzitengeneza." Tazama vitenzi: vyote ni vya wakati uliopita, na kila kukwisha kwa hataza kuna nchi na mwaka wake. Kosa la sentensi ya zamani halikuwa kutaja hataza. Lilikuwa ni ile "inalindwa" iliyosimama peke yake bila tarehe, ikaendelea kusema "inalindwa" kwa miaka mingi baada ya kinga kwisha, na kila mtafsiri akaipitisha kwa mwingine kwa sababu ilionekana kama jambo la sheria lisiloguswa. Mwenzako anayesema msiyaguse mambo ya sheria namwelewa, lakini kuacha kauli ya kisheria isiyo kweli ni kuyagusa vilevile.

Kuhusu xz na zstd, kama mtumiaji wenu kweli anahitaji kusikia neno juu ya hataza, fuata njia ya Seward: "Wasimamizi wa programu hii hawajui hataza yoyote inayozuia matumizi ya fomati hizi, hawajafanya upekuzi wa hataza, na hawatoi dhamana. Ukurasa huu ulipitiwa mara ya mwisho," kisha mwezi na mwaka. Lakini uliza wenzako kwanza kama kweli hamjui. Ukiandika hivyo huku mmoja wenu amewahi kupokea barua ya madai, mmedanganya. Kama hakuna anayehitaji kauli hiyo, nyamaza. Hakuna sheria inayokulazimisha kulitaja neno hataza kwenye kila ukurasa.

Na kesi? Kueleza algoriti inavyofanya kazi, kama nilivyoeleza LZW hapo juu kwa herufi za patapatapata, si kuvunja hataza. Hati ya hataza yenyewe ni maelezo ya wazi ambayo kila mtu anaruhusiwa kuyasoma na kuyajadili. Kinachozuiwa ni kutengeneza, kutumia, kuuza na mengine ya namna hiyo. Tahadhari ni mbili. Katika sheria ya Marekani, kumshawishi mtu kwa makusudi avunje hataza iliyo hai ni kosa linalojitegemea, kwa hiyo mwongozo unaosema "najua hii ina hataza, lakini fanya hivi" si maelezo tena. Tahadhari ya pili ni kwamba kulekule Marekani mahakama inaweza kuongeza fidia hadi mara tatu pale uvunjaji ulipokuwa wa kujua. Ndiyo sababu kampuni nyingi huwakataza wahandisi wao kwenda kupekua hataza. Namba za hataza zilizokufa andika bila hofu, ni historia. Ukianza kukusanya kwenye nyaraka zenu orodha ya hataza zilizo hai ambazo "huenda zinatuhusu", unawaandikia wengine ushahidi dhidi ya mradi wenu. Hilo lipelekeni kwa wakili anayezijua hataza za nchi husika, na barua ya madai ikija, isijibiwe hadharani na mtu wa nyaraka.

Limebaki jambo dogo ambalo sentensi ya zamani iliwanyima wasomaji wenu. Kwa kuambiwa "usitumie compress", wako walioogopa hata kuzifungua faili za .Z walizorithi, na ninafahamu kifurushi cha vipimo vya utafiti kilichokaa bila kuguswa kwa sababu hiyohiyo tu. Ongeza mistari michache kwenye mwongozo. gunzip ripoti.Z inatosha kuifungua. Atakayetaka kuihamishia kwenye fomati mpya bila kupoteza ile ya zamani aandike gunzip -c ripoti.Z | xz > ripoti.xz, kisha afungue zote mbili pembeni na kuzilinganisha kwa amri ya cmp. cmp ikinyamaza, maudhui ni yaleyale, na ripoti.Z inaweza kufutwa.